Soko la Maboksi

"Siku hizi maboksi hayatoki bure, Mwalimu," alisema mwenye duka, mguu mmoja kauweka juu ya rundo lenyewe kana kwamba lingetoroka. "Kuna watu wanakuja na mkokoteni kuyachukua. Wanalipa."

Profe alisimama mbele ya kaunta, mkoba begani, mchanga umemwingia kiatuni. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kifupi cha neno la Kihispania la mwalimu, na jina likamganda. Majirani walilitumia, mumewe alilitumia akitaka kumtania, hata mwenye duka huyu alilitumia asubuhi alizoamka vizuri. Leo alikuwa "Mwalimu", kwa hiyo hakuamka vizuri.

"Tangu lini boksi tupu likawa bidhaa?"

"Tangu kila kitu kilipopanda. Unadhani napenda mimi? Sabuni imepanda, na boksi la sabuni nalo likaona lisibaki nyuma."

Profe alicheka bila kutaka. Miaka yote aliyofundisha alikuwa akipita hapa kabla ya kengele ya kwanza, akiondoka na maboksi ya sabuni na ya mafuta ya kula, na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Basi nipe yale yaliyonyeshewa. Hao wa mkokoteni hawayataki."

Mwenye duka aliyatazama yale yaliyolowa, yamelegea kama mikate ndani ya chai. "Hivi unayafanyia nini hasa? Kila siku maboksi, maboksi."

"Soko."

"Soko gani?"

"La darasani. Watoto wanauziana nyanya na vitunguu kwa Kihispania."

"Nyanya za kweli?"

"Za kuchora. Za kweli nitazipata wapi kwa bei hizi?"

Mwenye duka akaondoa mguu. "Haya, beba. Lakini wafundishe na kulia bei. Soko la siku hizi bila kilio si soko."

"Hilo ndilo la kwanza walilolijua," Profe alisema, na hakuwa akitania. Mwaka huu, kabla hawajajua kusema wanatoka wapi wala wana umri gani, wanafunzi wake walikwisha kushika neno moja lililowaingia moja kwa moja: *es muy caro*, ni ghali mno. Walilisema kantini, walilisema wakitajiwa michango ya shule. Mmoja alikwenda kulisema nyumbani mbele ya baba yake aliyerudi na kiroba cha unga, akaulizwa kama ametukana.

Chumba cha Kihispania kilikuwa cha mwisho kwenye jengo la zamani, kile ambacho paa lake liliteremka kidogo upande mmoja kama kofia ya mlevi. Watu wengine waliona vioo vilivyovunjika na sakafu yenye mashimo. Profe aliona zaidi ya hapo, kwa sababu alisoma humu humu. Alikaa dawati la tatu upande wa dirisha, akiwa na soksi moja fupi kuliko nyingine, na mbele yake alisimama Senyora, mwalimu wake wa Kihispania.

Senyora alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili wake. Hakuwahi kuingia darasani mikono mitupu. Siku ya kufundisha mavazi alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa ubao, akaanika nguo za nyumbani kwake kwa vibanio: magauni, soksi, shati, na mwisho kabisa suruali ya mumewe, pana kama pazia. Darasa lilivunjika mbavu. Walizitaja nguo moja moja huku wakizianua na kuzikunja, na mpaka leo Profe akianika nguo kwake mdomo unacheza wenyewe: *la camisa, la falda, los pantalones*. Siku nyingine Senyora aliwatoa nje wakimbie mbio, ili tu kila mmoja ajitaje kwa Kihispania kama ni wa kwanza, wa pili au wa mwisho. Profe alikuwa wa mwisho. Alilisema neno hilo kwa fahari, *última*, akidhani ni cheo.

Enzi hizo ubao ulikuwa mweusi kweli, na kulikuwa na chaki za rangi kabatini. Au labda hazikuwa nyingi kama anavyozikumbuka. Lakini harufu ya chumba ilikuwa ile ile, ya vumbi la chaki na mbao zilizopigwa jua, na asubuhi akifungua mlango ilimpokea kama mtu wa nyumbani.

Alikuwa anapanga maboksi juu ya madawati mkuu wa shule alipochungulia.

"Mwalimu, leo tuna mgeni. Mkaguzi kutoka wilayani. Atapita kwako."

Profe aligeuka upesi. "Kwangu? Kwenye Kihispania?"

"Kwako." Mkuu alikuwa mtu wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, na alipozungumza na walimu alipenda kuangalia saa yake. "Wapunguze sauti tu. Chumba chako kinasikika mpaka ofisini. Juzi mzazi mmoja kaniuliza kama kuna ugomvi."

"Lilikuwa soko, Mkuu."

"Ndiyo nasema. Soko liwe la taratibu."

Akaenda zake. Profe alibaki ameshika boksi. Tangu aajiriwe hakuna mkaguzi aliyewahi kuvuka ukumbi kuja huku mwisho. Walikagua hesabu, walikagua sayansi, wakanywa chai, wakaondoka. Alijikuta anafuta ubao mara ya pili ingawa ulikuwa safi.

Darasa la kidato cha tatu liliingia kwa vurumai na likajipanga lenyewe, kwa sababu kila mtu alikwisha jua kibanda chake. Kibanda cha nyanya kilikuwa cha Kasuku. Huyu alikuwa msichana mwenye masikio ya ajabu: neno likitamkwa mara moja alilirudisha vile vile, na lafudhi yake, na kikohozi kama kulikuwa na mtu aliyekohoa. Mama yake aliuza mbogamboga kweli, sokoni kweli, na Kasuku alipanga nyanya zake za kuchora kwa mafungu, zile nzuri mbele na zilizopondeka nyuma. Mteja wake leo alikuwa kijana mmoja mrefu aliyeitwa Mzee, kwa kuwa alianza shule amechelewa na alikuwa na ndevu mbili tatu alizojivunia.

Mkaguzi aliingia wakati soko limeshachangamka. Alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kijivu, akaketi nyuma, akafungua jalada. Profe alimpa ishara ya heshima, kisha akaliacha soko liendelee.

"*¿Cuánto cuestan los tomates?*" Mzee aliuliza bei ya nyanya, mkono kiunoni.

"*Diez*," alijibu Kasuku. Kumi.

"*¿Diez?*" Mzee aliruka nyuma kama aliyeungua. "*¡Ayer, cinco!*" Jana ilikuwa tano!

Profe hakuwafundisha jibu. Kasuku alilitoa mwenyewe, kwa ile sauti ya uchovu ya mama yake, huku akimfukuza nzi asiyekuwepo: "*Ayer es ayer. Hoy es hoy.*" Jana ni jana, leo ni leo.

Darasa likaangua kicheko. Profe naye aliziba mdomo. Ilikuwa sentensi kamili, wala haikutoka kitabuni. Aliwahi kumwona Senyora akisimama vivyo hivyo, mkono mdomoni, macho yameng'aa, siku mtoto alipojisemea jambo lake mwenyewe kwa lugha ile, na sasa alielewa kilichokuwa moyoni mwake.

Kasuku alichukua nyanya moja ya boksi, akapita katikati ya madawati mpaka kwa mgeni. "*Señor, ¿qué desea?*"

"Anauliza ungependa nini, Mheshimiwa," Profe alisaidia.

Mkaguzi aliipokea ile nyanya, akaigeuza. Nyuma yake bado kulikuwa na nusu ya jina la sabuni. "Hii inaitwaje?"

"*Tomate, señor.*"

"*Tomate*," alirudia mkaguzi polepole, na uso wake ukalegea, ukawa kama wa mtu aliyekumbuka kitu cha zamani. "*Tomate.* Bei gani?"

"*¡Muy caro!*" Mzee alimpigia kelele kutoka upande wa pili, na mkaguzi akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Kisha akasimama, akaipangusa suti, akatoa mfukoni futi ya kamba. Aliwaomba wanafunzi wawili wamshikie ncha ukutani.

Wanafunzi walidhani ni sehemu ya mchezo. Macho yakamgeukia Profe. "Profe, *¿qué hace el señor?*" aliuliza Kasuku. Bwana anafanya nini?

Profe hakujua. Lakini neno alilijua, na mwalimu aliyemo ndani yake alitangulia kabla ya mtu mwingine yeyote kufikiri. "*El señor mide*," alisema. Bwana anapima.

"*¡El señor mide!*" darasa likaitikia.

"*Mide la pared.*" Anapima ukuta.

"*¡Mide la pared!*"

Mkaguzi alipima ukuta, akapima dirisha, akapima mlango, na kila alipohamia darasa lilimsindikiza kwa sauti moja. Mwishoni alikuwa anatabasamu kwa haya, kama bwana harusi anayeimbiwa. Aliikunja futi yake na kumwomba Profe watoke nje mara moja.

Walisimama kwenye kivuli cha ukuta. Ndani soko lilikuwa limerudi kwa nguvu.

"Mwalimu, nikwambie ukweli," alisema mkaguzi. "Nimezunguka shule nyingi. Darasa kama hili sijaona. Watoto wamechangamka, wanasema. Hongera sana."

"Ahsante, Mheshimiwa. Kama wilaya ingetusaidia vitabu tu, maana vya mwisho vilichakaa..."

"Sasa sikiliza. Mimi sikuja kukagua ufundishaji." Alikuwa anaivuta kona ya jalada lake. "Nimetumwa kupima chumba. Kitakuwa cha kompyuta."

Profe alimtazama. "Na Kihispania kitafundishwa wapi?"

"Mkuu wako hajakwambia?"

Mkuu hakuwa amemwambia. Alimwambia sasa, ofisini kwake, akiangalia saa. Waraka ulishuka mwezi uliopita. Masomo yasiyokuwa na vitabu vya kiada yaliondolewa kwenye orodha. Wanafunzi wa kidato cha tatu wangehamishiwa Biashara, na yeye Profe angefundisha Biashara hiyo hiyo, kwa kuwa mwalimu wake alihama na hakuletwa mwingine.

"Lakini vitabu havipo kwa sababu hamkuleta," Profe alisema. "Nimeomba kila mwaka."

"Najua. Maombi yako nimeyapeleka mwenyewe."

"Sasa mnaondoa somo kwa sababu halina vitabu, na vitabu havikuja kwa sababu..." Alijisikia anazunguka kama ng'ombe kwenye kinu.

"Mwalimu, mimi si adui yako," alisema mkuu. Na Profe, akiitazama kola ya shati lake iliyogeuzwa na fundi ili ule upande uliochakaa ufichike, aliona kwamba ni kweli, wala haikumsaidia. "Nilitaka nikwambie wiki iliyopita, ukaja na yale mambo yako ya kuomba kamba ya kuanikia nguo. Nikaona, acha amalize."

"Na kompyuta zimefika?"

"Ziko njiani."

"Tangu lini?"

Mkuu akaangalia saa.

Alirudi darasani kuwaambia mwenyewe. Hakutaka walisikie kwenye mstari wa asubuhi, kati ya tangazo la nywele na la viatu. Aliwaambia kwa Kiswahili, amesimama mbele ya kibanda cha vitunguu. Hawakupiga kelele. Mzee aliinama, akaanza kubandua gundi kwenye boksi kwa ukucha. Mtu mmoja aliuliza kama Biashara ina mahesabu mengi.

Kasuku ndiye aliyebaki baada ya kengele, akikusanya nyanya zake.

"Profe, mimi nilishasema nyumbani Kihispania nitakifanyia mtihani. Mama kamwambia kila mteja. Ananinadi kuliko mchicha."

"Najua, mwanangu."

"Sasa nikamwambieje?"

Profe alitafuta neno katika lugha zote mbili. "Mwambie nitakuja kuzungumza naye."

"Atakuuliza ni nani kaamua. Yeye hataki habari za waraka. Anataka mtu, amwendee."

"Hata mimi nimemtafuta mtu huyo leo," alisema Profe. "Sijamwona."

Mchana ule hakwenda nyumbani moja kwa moja. Miguu ilimpeleka kwa Senyora.

Senyora aliishi na bintiye, mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga unga. Ukuta wote ulitetemeka mashine ikiwaka, na vikombe kabatini viliimba. Alikuwa amekaa kitandani amejifunika kanga, miguu imevimba, lakini nywele zimesukwa vizuri. Sauti ilikuwa ile ile, kubwa kuliko mwili.

"Shikamoo, Senyora."

"*Más alto*," alisema Senyora. Pandisha sauti. "Kinu hiki kimenila masikio."

Profe alirudia kwa sauti, akaitikiwa, akaketi kwenye kigoda. Bintiye Senyora aliwaletea chai akarudi kwenye cherehani yake mlangoni. Profe alikuwa amekuja kutoa habari mbaya, lakini alijikuta anasimulia soko: Mzee alivyoruka nyuma, mkaguzi alivyoitikiwa na darasa zima. Alipofika kwenye "jana ni jana, leo ni leo" Senyora aliomba airudie, kisha akafunga macho kama mtu anayeonja.

"Huyo mtoto ameshafika," alisema. "Sasa hata ukimwacha atakwenda mwenyewe. Na wanaoanza mwakani ni wengi?"

Kinu kilikuwa kimezimwa, chumba kimya, na hakukuwa na kelele za kujifichia.

"Hakuna wanaoanza. Wamelifuta somo."

Senyora alifungua macho. Profe alijiandaa kumshika mkono, kumfuta machozi, chochote. Senyora akapuliza chai yake.

"Tena?"

"Tena kivipi?"

"Walilifuta na wakati wangu. Hukujua? Utajuaje, ulikuwa kidato cha pili, unavaa soksi zisizofanana. Mwaka ule wa mvua nyingi."

Profe aliukumbuka mwaka huo vizuri. Ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote. Senyora alikuwa akiwakuta uwanjani saa ya usafi, gauni amelipandisha magotini, na kila mmoja na kazi yake: huyu anafagia, huyu anachota maji, huyu anabeba ndoo, na kila kazi na neno lake, na kila neno na wimbo wake. Kulikuwa na tope kila mahali. Ndipo alipowafunza kwamba *yo barro* ni "nafagia", na kwamba *barro* hilo hilo pia ni tope, wakawa wanazunguka uwanja wakiimba *yo barro el barro*, nafagia tope, wanateleza, wanaanguka, wanainuka wanacheka. Kwa miaka yote hiyo Profe alipoulizwa kwa nini akawa mwalimu, aliwasimulia watu asubuhi zile.

"Nilidhani ulibuni," alisema. "Nilidhani ulituonea huruma kukaa ndani, ukaamua kututoa nje."

"Nilitolewa nje. Chumba kiligeuzwa ghala la mbolea ya wilaya. Kwenye ratiba sikuwa na kipindi hata kimoja. Kilichobaki kilikuwa usafi, maana hicho hakuna mwalimu aliyekitaka." Senyora alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akatulia. "Nyie mlikuwa mnacheka, mimi nalia ndani. Nilikwenda nyumbani na tope mpaka hapa. Marehemu mume wangu alikuwa ananiuliza kama nimeajiriwa kulima."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia mngesikitika. Mtoto akisikitika hajifunzi kitu, anakutazama tu usoni."

Profe alitazama chai yake. Ule mwaka aliokuwa ameutunza kama nguo ya sikukuu ulikuwa umegeuzwa mbele yake, na upande wa ndani ulikuwa na viraka. Hilo halikumpunguzia kuupenda. Alitamani tu arudi pale uwanjani, mtoto vile vile, amtazame mwalimu wake usoni mara moja kwa makini.

"Na lilirudishwaje?" aliuliza. "Nani alilirudisha?"

"Hakuna aliyelirudisha," alisema Senyora. "Mkuu yule alihamishwa. Aliyekuja alitukuta tunaimba, akadhani somo lipo. Akaniuliza mbona sina chumba. Nikamwambia, hata mimi nashangaa."

Mlangoni bintiye aliacha kushona, akacheka mpaka akainamia kitambaa. Kisha kinu kikawaka tena na ikabidi wamalize chai kwa kutazamana.

Asubuhi iliyofuata Profe alikuwa mlangoni kwa mkuu kabla ya mkuu mwenyewe.

"Kama ni ule waraka..." alianza mkuu, funguo mkononi.

"Si waraka. Nimekuja kuomba zamu ya usafi."

"Wiki hii?"

"Moja kwa moja. Mwaka mzima, pamoja na Biashara. Na nichague mwenyewe kikundi."

Mkuu alisahau kuangalia saa. "Tangu nifike hapa hakuna mwalimu aliyewahi kuomba usafi. Wananiletea vyeti vya daktari." Alimtazama kwa muda mrefu, na Profe hakukwepesha macho. Huenda aliona kitu. Huenda alikuwa amechoka tu kuona. "Haya," alisema hatimaye. "Lakini wafanye kazi kweli. Uwanja ung'ae."

"Utang'aa."

"Na sauti..."

"Nje hakuna ukuta wa kupiga mwangwi, Mkuu."

Kikundi hakikuwa kikubwa. Aliliita darasa zima la soko, lakini wengi walipoona mafagio waliota vidonda vya ghafla, wakakumbuka kazi zisizokwisha za masomo mengine, wakayeyuka. Hakuwalaumu. Usafi ulikuwa adhabu katika shule hii, na hakuna mzazi angefurahi kusikia mwanawe ameuongezewa. Waliobaki walisimama wamejikunyata chini ya dirisha la chumba cha mwisho. Mafundi wawili walikuwa wanayatoa madawati na kuyabwaga nje mgongo chini, miguu juu. Maboksi ya soko walikuwa wameyakanyaga yakalala bapa, yamefungwa kwa kamba, tayari kwa mtu wa mkokoteni.

"Profe, tumefanya kosa gani?" aliuliza Mzee.

"Hamjafanya kosa." Alivua viatu, akaviweka juu ya dawati lililopinduliwa, akalikunja gauni. Alihisi mafundi wanamtazama. Alikohoa, akainyanyua sauti mpaka ikawa kubwa kuliko alivyokusudia. "Kasuku, njoo hapa mbele. Shika hiki."

Kasuku aliupokea ufagio wa njiti bila kumtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba. Inaonekana mama yake alikuwa amekwisha uliza.

"*La escoba*," alisema Profe.

Kutoka ndani ilisikika nyundo.

"Hili litakuwepo kwenye mtihani?" Kasuku aliuliza.

Profe angeweza kusema labda. Angeweza kusema tutaona, Mungu mkubwa, mambo hubadilika. "Halitakuwepo," alisema. "Hakuna mtihani."

Msichana aliugeuza ufagio mikononi, akaukagua kana kwamba anataka kujua kama ni wa jana au wa leo. Vumbi lilitoka dirishani likawapitia wote, jeupe, la chaki ya miaka mingi.

"Na yakiwa mengi?" alisema. "Mafagio?"

"*Las escobas.*"

"*Las escobas*," alisema Kasuku, akainama, akaanza kufagia.